Maneno ya Anayelala na Viatu

Kwa mjukuu wangu, daktari wa mambo ya mtandao,

Akili unazo nyingi wewe, lakini macho huna. Watu wanatoka mbali kuja kukusikiliza ukiwafundisha kuficha mambo yao, na jambo la nyumba hii umelianika mwenyewe kama nguo iliyofuliwa. Soma mpaka mwisho, na usinikunjie uso. Uso huo ninaujua tangu unanyonya.

Haya, salamu. Hujambo? Unakula, au bado unashindia chai? Mimi sijambo, ila magoti yananilalamikia kila nikiinuka, na tangu jana moyo unarukaruka kama chura ndani ya ndoo. Baba yako mzima, amenenepa.

Gazeti lilipotoa habari ya utafiti wako nilikwenda kwa fundi simu wa kona anisomee, maana herufi za kwenye kioo zinanikimbia. Picha yako tu ilipotokea niliwaambia wateja wote wanyamaze, huyu ndiye mke mwenzangu aliyekuwa akinikojolea mgongoni, leo anahojiwa. Fundi akasoma kwa sauti. Akafika pale unaposema wanawake wengi wanaandika dhiki zao mtandaoni kwa majina ya kubuni, wanapata nafuu, lakini hawajui nani anawachungulia. Ukatoa mfano wa mmoja. Jina ukalificha, sawa. Maneno yake ukayaacha vilevile alivyoyaandika: “Nimelala na viatu muda mrefu, hata nikivivua naona miguu si yangu.”

Nikamwambia fundi arudie. Akarudia. Nikamuuliza kama mtu akiwa na maneno hayo anaweza kumpata mwenyewe. Akacheka, akasema mama, hiyo ni kazi ya kidole kimoja. Akayaandika kwenye simu yake, na kabla sijameza mate ukafunguka ukurasa ambao wanawake wengi wanaandika. Jina la mwandishi Sindano Butu, maneno yaleyale, na chini yake picha ya dirisha lenye pazia la buluu lililoungwa kitambaa cha njano. Mjukuu wangu, hilo ni dirisha la chumba changu cha nyuma.

Sindano Butu ni shangazi yako. Hajaenda ng'ambo kufanya kazi kama nilivyowaambia nyote, baba yako akiwemo. Yuko hapa, anashona mlango umefungwa. Alimkimbia mumewe siku alipomvunja mkono. Huko kwake alikuwa analala na viatu ili akiamshwa kwa kipigo awe tayari kutoka. Alipofika hapa aliandika kwenye ukurasa ule, akaniambia kifua kimekuwa chepesi. Kisha yule bwana, mumewe, akawa anampigia simu bila kupumua, shangazi yako akaiponda simu yake kwa nyundo. Sasa kuyafuta maneno yake hawezi, neno la siri amelisahau. Na pazia lile alilishona kwa mabaki ya mapazia ya kule kwa mumewe. Mumewe akiliona hataomba kuelekezwa njia.

Sasa hili lililobaki mkono unaliogopa. Kabla fundi hajasoma hata mstari mmoja, nilikuwa nimeshamwagiza aitume habari ile kwa kila mtu aliyemo kwenye simu yangu, wajue sikulea mzigo. Yule bwana sikuwahi kumfuta. Jana amenijibu, fundi akanisomea. Ananipongeza kwa mjukuu, anasema amesoma yote, na mwanamke wa viatu amemgusa sana. Akauliza magoti yangu yanaendeleaje, na kama bado ninaishi peke yangu. Yeye naye ana kidole, mjukuu wangu.

Kwa hiyo tumekosa wawili, wewe kwa usomi wako na mimi kwa majivuno yangu. Ila wa kugombezwa leo ni wewe, kwa sababu wewe ndiye unayeweza kutengeneza. Pazia nimelishusha, nimetundika shuka. Simu nimeizima, ndiyo maana nahangaika na kalamu hii.

Shangazi yako anakusalimu, anasema usilie, hakukasirikii. Mimi nimekasirika kwa niaba yake. Mungu akuweke, na ule.

Ni mimi, bibi yako mzaa baba.

Aliyekuletea barua hii ni mke wa fundi, mkalishe hapohapo. Mpigie anayeusimamia ukurasa ule wa wanawake, gazeti linasema ulimwomba ruhusa, kwa hiyo unamjua, aondoe maneno na picha sasa hivi. Halafu watu wa gazeti wayatoe, na wewe uyatoe kwenye maandishi yako, yasibaki hata nusu. Baba yako usimwambie, mdomo wake hauna kifuniko. Ukimaliza, njoo na gari mlango wa nyuma. Shangazi yako keshavaa viatu. Usizime injini.