Jembe Imezika

Butembo, Kimemi, tarehe 15 septemba 2002

Kwa Yaya Mathe, kaka yangu mukubwa, kule Kisangani,

Salamu mingi toka nyumbani, toka kwa batu yote benye kukuita ndugu. Uko namna gani, Yaya? Ile malaria ya mwaka jana ilikuacha? Na banafunzi yako, banakusumbua bado, ama ni wewe njo unabasumbua? Ukiuliza juu yetu, tunapumua. Mvua imeanza, maharagi imeota muzuri. Mimi niko na biashara yangu, leo Eringeti kutafuta muchele, kesho soko. Mugongo inalia lakini mudomo haijachoka, unanijua. Mama anatembea, anakula kidogo, anaenda misa ya asubui kila siku.

Hii barua nampa Blaise, shofere mwenye kupita Kirumba mpaka Goma, na kule atatafuta mutu ya ndege ya kwenu. Ni barua ya tatu. Mbili ya kwanza sijui ziliangukia wapi, hii vita inakula hata karatasi. Donc, Yaya, kama uko umesimama, keti. Tangu barua yako ya Noeli ilifika hapa mpaka mwezi jana, Mama hakutaja jina yako. Mutu akisema Mathe, yeye alikuwa anasimama, anaenda jikoni kupanga sahani zenye zimekwisha kupangwa. Niko nakuandikia juu ujue kwa nini, na juu na wewe umuandikie. Lakini kuna kitu kimoja wewe hujui bado, na si habari ya furaha, hapana. Niache nifike pole pole, sababu nikianzia mwisho utatupa karatasi.

Unakumbuka Jembe yetu, timu ya mupira ya Kimemi. Nauliza swali ya bure: wewe njo mwenye kutufundisha wazimu ile. Ni wewe, siku Jembe ilipiga Musumeno ya Beni mara ya kwanza, ulipanda juu ya lori, ile Fuso yetu, ukalia kwa nguvu kwamba batu ya Beni banapasula mbao na musumeno, na sisi tunachimba shimo na jembe, basi kazi iligawanywa na Mungu mwenyewe, bale balete sanduku na sisi tutazika! Toka siku ile hakuna supporter ya Kimemi mwenye alisema tena tumeshinda. Ni «tumezika» tu. Wakitupiga, tunasema tumezikwa. Syauswa fundi mbao, présida wa basupporter, akatengeneza ile sanduku ya mbao nyepesi, akaipaka rangi ya bluu, rangi ya Musumeno, na kila match tulienda nayo juu ya mabega tukilia kilio ya uongo. Mama alichukia sana. Alikuwa anasema sanduku si kitu ya kuchezea, na neno ile «tumezika» alikataza katika nyumba, bila kungoja mutu amueleze maana yake. Alisema akilisikia tena, mwenye kulisema atalala nje na mbuzi.

Ulipoenda Kisangani, kazi yako ya kulia ilibaki kwa mudogo wetu Josaphat. Wallahi, alikushinda! Alikuwa anatembea mbele ya sanduku na kitenge ya Mama kichwani kama mujane, anapiga ngoma na mukono moja, na ingine anajipiga kifua. Alikuwa anauliza marehemu Musumeno amemuachia nani batoto. Hata bapolisi ya mulangoni balikuwa banashika tumbo.

Nyuma yake alikuwa Omer. Yeye hukumujua sana, alikuja karibu ukienda. Ni mutu ya Kasai, serikali, Leta yetu, ilimutuma hapa kwa bureau ya mashamba, kisha vita ikafunga barabara na Leta ikamusahau, mushahara ikakauka. Alijua Kinande maneno kidogo tu, karibu zote za kusalimia, lakini nyimbo ya Jembe alizijua zote. Alikuwa anakuja uwanjani na veste na kravati, jua kali namna gani. Anasema ajenti ya Leta haendi mazishini kifua wazi. Na Nadège muuza mikate, ule unamujua, mwenye kutukana mwenye filimbi mpaka arbitre mwenyewe anacheka. Jembe ikipata goli, kikapu yake inakuwa ya batu yote. Mimi nilikuwa namuambia Nadège, goli zitakumaliza biashara. Ananijibu basi nifilisike na furaha.

Sasa, mwaka jana mwezi wa saba, Jembe ilipashwa kucheza na Musumeno kule Beni. Barabara ilikuwa mubaya zile siku, kila mutu na bunduki yake, na Mama alimukataza Josaphat. Alimukataza mara ya kwanza, mara ya pili. Josaphat akamushika mabega pale jikoni, akamulilia ile kilio ya muchezo ndani ya sikio, akamuuliza sanduku itaenda je bila mujane. Mama alijikaza, akajikaza, kisha kicheko ikamutoroka. Akamupiga na taulo akamuambia ende, lakini asikawie. Kitenge akamupa.

Tulicheza, tukapata mbili kwa moja. Habari ilitufikia mapema kwa batu ya pikipiki, na sisi benye tulibaki tukatoka kwenda kungojea Fuso kwa rond-point. Batu ilikuwa mingi, bamama ya soko, batoto, ba-taximen. Kisha tukasikia kilio. Inatoka mbali, inapanda, inashuka, kama siku zote. Tukaona Fuso inakuja pole pole, na sanduku ya bluu imeinuliwa juu ya mikono. Yaya, tulicheza. Barabara yote ilicheza. Mimi nilifunga kiuno na nikalia na mimi ile kilio ya uongo, nikapiga mikono, nikauliza marehemu amemuachia nani batoto. Benye balikuwa juu ya Fuso balikuwa banatufanyia alama na mikono tunyamaze, na sisi tulidhani banasema tulie kwa nguvu zaidi.

Ngoma haikulia. Hapo njo ilipashwa nishituke, sababu Josaphat na ngoma yake balikuwa kitu kimoja. Fuso ikasimama, Syauswa akashuka, shati yake imejaa damu. Akanishika kichwa changu na mikono yake miwili, akasema Virginie, acha, ni kweli.

Ni kweli, Yaya. Mudogo wetu Josaphat amekufa. Amekufa tangu ile siku, mwaka moja na zaidi, na wewe hujui. Samahani, nimeandika na nimefuta na nimeandika tena, hakuna namna ingine ya kulisema. Mbele ya kufika Maboya batu ya bunduki balitoka ndani ya majani na kupiga Fuso. Ba nani, ya upande gani, mpaka leo hakuna mwenye anajua, ao mwenye anajua hasemi. Nadège alikufa palepale, na kikapu yake juu ya magoti. Omer alifunika kijana moja ya Kimemi na mwili yake, na ule kijana ni muzima, anakuja kila mara kukata majani kwa kaburi ya Omer, maana huyu hana ndugu hapa. Josaphat alipumua kidogo. Syauswa anasema aliomba wasimulaze juu ya magunia ya makala, asichafue kitenge ya Mama. Basi balimuweka ndani ya sanduku ya bluu, njo nafasi safi moja yenye ilikuwa pale. Na sisi tukaipokea na kucheza.

Mama alikataa mutoto wake alale ndani ya muchezo. Syauswa alipasula mbao ya nguvu mpaka asubui, masanduku tatu, na hakutaka mutu amusaidie. Ile ya bluu aliichoma nyuma ya atelier. Tuliwazika pamoja, bote batatu, na padri alisoma majina. Omer tulimuvalisha kravati yake.

Sasa fika kwa phonie, ile radio ya kuitana ya mapadri. Syauswa alienda paroisse akuitie kwa radio, maana mimi nilikuwa chini na Mama. Habari ya bunduki, batu ya phonie balimukataza kusema, unajua masikio ya zile siku. Akasema kifupi: tumezika Josaphat na Omer na Nadège, Mama iko muzima. Kelele ilikuwa mingi, sauti ikakatika mbele jina ya Nadège ifike. Kisha baaskari bakabeba batri na phonie ikanyamaza kabisa. Wewe ulisikia nini? Ulisikia «Tumezika», na majina mbili nyuma yake, kama vile Josaphat na Omer njo banakutumia salamu. Na ulijua siku ile Jembe inacheza na Musumeno. Nani atakulaumu? Hata mimi ningepiga vigelegele. Syauswa peke yake hajisamehe. Anasema maisha yake yote alisema neno ile kwa muchezo, na siku alilisema kwa kweli, halikutaka kusikika.

Barua yako ilifika Noeli, na mimi nilikuwa Eringeti. Laiti ningekuwa hapa! Mama aliona mwandiko yako, akashindwa kungoja. Akaita Eliezer, katekista, mutu mwenye hajapiga hata chungwa na muguu yake, amusomee mbele ya bamama ya jirani benye balikuja kusali naye. Eliezer akasoma na sauti ya kanisa. Unakumbuka uliandika nini? Mimi nalijua kwa kichwa. «Hongera kwa mazishi! Nimecheka mpaka mbavu inaniuma. Mwambie Josaphat na Omer mwaka kesho muzike tatu!» Yaya, makaburi ilikuwa tatu. Mama alidhani unahesabu. Bamama balitoka moja moja bila kuaga, na Eliezer masikini alibaki na karatasi mukononi.

Niliporudi nilimueleza. Nilimueleza siku ile, nilimueleza kwa Pasaka, nilimueleza na hasira na nilimueleza na machozi. Akanijibu kwamba mimi ni dada yako, kazi yangu ni kukufunika, na kwamba hakuna mupira duniani yenye kumufundisha mutu kucheka mazishi ya mudogo wake. Syauswa naye alikuja kumueleza, akafukuzwa. Nikachoka, Yaya. Nilianza kuogopa kwamba Mama atakufa na ile moyo, na wewe utarudi siku moja na mufuko yako na kicheko yako, umukute amekwenda bila kukutaja.

Mwezi jana ilikuwa misa ya ukumbusho, na basupporter ya Musumeno balikuja toka Beni. Barabara ile ile. Hawakuleta wimbo, hawakuleta sanduku, balikuja na kitenge zao za bluu, muchele na kuku. Mukubwa yao ni mama moja, Victoire, mwenye sauti kama kengele. Mama alibapokea kama inavyopasa, akabapa viti na chai. Victoire akaanza kulia, akasimulia kwamba ile siku kule Beni, match ilipokwisha, Josaphat alikuja mpaka upande yao, akamutolea kona ya kitenge yake apanguse machozi, akamuita kwa muchezo Mama mukwe, akamuambia hapana kulia, tumekuzika leo, utafufuka match ijayo. Anasema alicheka mpaka nyumbani.

Mama akaweka kikombe chini. Akauliza nani alizikwa. Victoire akasema ni sisi, Mama, mbili kwa moja. Mama akamuangalia toka kichwa mpaka miguu, akamuuliza kama alizikwa amefika je hapa. Victoire hakujua kama aombe samahani. Akasema aka, Mama, Jembe imetuzika mara mingi, na sisi tulibazika mwaka ile ya mvua mingi, goli tatu kavu. Njo namna batu ya mupira banasema.

Mama akanigeukia, akauliza kama ile tatu ya barua ilikuwa goli. Nikamuambia ni goli, Mama, nimekuambia tangu Noeli. Akasema wewe ni dada yake, lakini huyu ni mugeni, tena ni adui yao, hana sababu ya kumutetea. Kisha akaingia chumbani, akatoka na barua yako. Mimi nilidhani aliichoma! Ilikuwa ndani ya Biblia yake. Nikamusomea tena pale mbele ya batu ya Beni, na nilipofika kwa mbavu inauma, Mama akajifunika uso. Akalia sana. Akasema mutoto hakujua. Akasema Mathe yangu hakujua, alikuwa anacheka peke yake kule mbali, na sisi tulikuwa tunalia. Alisema Mathe, Yaya. Mara ya kwanza.

Donc muandikie, na ulie naye kwa karatasi, hapana kujikaza. Usiombe samahani mingi, hukukosa. Nyuma ya misa tulicheza nao match ya ukumbusho, ikawa sare. Hakuna mutu alizikwa, na hakuna mwenye alilia kilio ya uongo. Sijui kama tutailia tena.

Syauswa anakusalimia, anakuomba jibu hata mustari moja. Blaise anapiga honi nje, nafunga. Jilinde na mvua, kula muzuri, na usalimie banafunzi yako.

Mama amekaa hapa kando yangu, anaangalia kalamu. Ameomba maneno yake ikae chini ya salamu yote, na amekataa nibadilishe hata moja. Anasema: «Mwambie Mathe, mara hii njo sisi tumezikwa. Arudi nyumbani.»

Ni mimi dada yako,
Virginie