Ukuta Ulionyooka Machoni

Jumatano. Ukungu umeshuka tangu asubuhi, kijiji chetu chote cha Daa hakionekani, na afadhali.

Jana tulimzika mama mkubwa, dada yake Mama.

Alikuja wiki iliyopita kutoka Mbulu kutusaidia kupura mbaazi. Hata hajashuka vizuri kwenye bodaboda, akanyoosha kidole kwenye ukuta wa chumba cha Mama. “Huu ukuta wenu umelala. Hamuoni?”

Tulicheka. Mimi nilicheka zaidi. Mama akamwambia, “Dada, hayo ni macho ya safari. Kaa kwanza unywe chai.”

Akakaa palepale tunapokaa siku zote, uso kwenye ukuta. Nyuma ya nyumba mikaratusi imeinamishwa na upepo unaotoka Ngorongoro, na ukuta ulikuwa umeinama upande huohuo. Ukivitazama pamoja kwa muda, vyote vinanyooka. Chai ilipoisha akautazama tena, akasema, “Basi labda ni kichwa changu. Naona uko sawa.”

Jicho lake la kwanza ndilo lilikuwa la kweli. Sisi tukampa la kwetu, pamoja na chai.

Kwetu mgeni hulala kitanda kizuri. Mama akamwachia chake, akaja kulala chumbani kwangu. Mvua za mwaka huu zilikuwa zimeula msingi kimyakimya, na alfajiri moja ukuta ukaangukia ndani, juu ya kitanda.

Najichukia. Mama haongei, anashika tu kikombe alichonywea dada yake, anakiweka, anakishika tena.

Leo waombolezaji walipotawanyika nilifunga jiwe kwenye uzi, kama timazi ya fundi ya kupimia wima, nikauning'iniza kwenye ukuta wa chumba changu, ambamo bado tunalala. Juu uzi uligusa tofali. Chini kiganja changu kilipita katikati ya uzi na ukuta bila kugusa chochote.

Nikarudi kukaa, nikautazama ukuta.

Umenyooka. Uzi niliushika mwenyewe, na bado naona umenyooka.

Nimehamishia godoro la Mama jikoni. Ndipo aliposema neno lake la kwanza tangu mazishi: “Huo ukuta nao una nini? Mbona uko sawa?”

Kesho nitatoka na sururu niubomoe, kabla sijakaa kuutazama.