Mfereji Uliouchonga Jabalini

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini ningeanza maongezi bila shikamoo ungenikata jicho hata huko uliko.

Jana baada ya mvua nilipanda kwetu kwa zamani, kwenye majabali ya Nyegezi. Nyumba haipo. Mfereji uliouchonga kwa patasi juu ya jiwe bado upo, na maji yalikuwa yakiteremka taratibu mpaka pale mtungi wa mama ulipokuwa ukikaa. Nikalia, halafu nikacheka.

Wewe, mwalimu wa shule ya msingi, ulisoma habari za Wanabatea wa jangwa la Arabuni ukaja kutusimulia tukimenya viazi vitamu. Mwanzoni, ulisema, walikatazana kujenga nyumba, asije mtu akawatawala kwa kuzishika. Maji waliyaficha mwambani. Misafara ya ubani na manemane ikawategemea wao kwa njia na visima, utajiri ukaja, wakauacha mwiko wao, wakachonga mji mzima kwenye jabali. Mama akakutania kwamba umemwoa yeye lakini moyo uko kwa ngamia. Kesho yake ukaazima patasi.

Nikifumba macho, ngamia walikuwa wakipita katikati ya mawe yetu, wakishuka ziwani kunywa, wakinukia kama kanisani siku ya Pasaka. Nilikuwa na furaha sana, Baba. Ila kila mara uliishia pale mji ulipojaa taa. Nikiuliza ikawaje, unasema tulale.

Halafu ikaja amri ya kuhamia kijiji cha ujamaa, kule barabarani. Mikutanoni wewe ndiye uliyewaambia majirani kwamba kutakuwa na zahanati na bomba, na uliamini. Lakini siku ya lori, vyombo vimeshapakiwa, ulirudi peke yako kuufagia mfereji. Nikakufuata, nikakuuliza watu wale waliishia wapi. Uliendelea kufagia bila kunitazama, hadi nikaogopa.

"Walihama, mama," ukasema. "Twende, lori linatungoja."

Bomba lilikauka mapema. Mama alibeba ndoo mpaka akazeeka, na mimi nilikukasirikia kwa hilo hata siku tunakuzika.

Sasa nimesoma mwenyewe. Merikebu ziliuchukua ubani, misafara ikapungua, Warumi wakautwaa ufalme, baadaye tetemeko likaangusha kuta. Ila watu hawakwisha. Wengine walibaki wakilima kwa maji yaleyale ya mwambani. Sijui kama ulilijua hilo ukanificha, au siku ile ulikuwa unaogopa kama mimi. Nadhani uliogopa. Laiti ungeniambia, ningekushika mkono.

Jana nilikinga viganja mwisho wa mfereji, nikanywa. Hasira imeniishia, Baba. Kabla ya kushuka niliyatoa majani yote yaliyouziba.

Pumzika, maji yanapita.

Ni mimi binti yako, uliyeniita mama.