Pacha wa Sukari ya Matunda

4 Machi

Dada mkubwa,
Shikamoo. Mimi mzima kama nondo, na kiwanda hiki bila mimi hakigeuki. Kidonda cha mguu kinaendeleaje? Kanyaga cherehani polepole, nguo za watu hazina miguu ya kukimbia.

Sasa sikia. Kazi yangu kuosha matangi, lakini mkemia wetu hanifichi kitu. Tunapika sukari adimu! Ni pacha wa sukari ya matunda: atomu zile zile, ila mkono mmoja umegeukia upande wa pili. Kwa huo mkono tu, mwili unashindwa kuitumia. Ulimi unaonja utamu, kisha mwili unaikojoa. Mwenye kisukari analamba na damu haishtuki! Mungu mwenyewe kaiweka kwenye tini na zabibu kavu. Nitakutumia paketi, upone uwaringie madaktari.

Mdogo wako, profesa wa matangi

2 Aprili

Mdogo wangu,
Marahaba, profesa. Tupo, tunasukuma siku. Paketi sijaiona, basi nikajiongeza: nanunua zabibu kavu, konzi asubuhi, konzi jioni. Vidonge vyangu vya kisukari nimeviweka kando visije vikagombana na dawa yako. Kidonda kinatoa maji sana. Nadhani ndio uchafu unatoka. Jirani anasema nimechanganyikiwa. Nikamuuliza, "Wewe una ndugu kiwandani?" Akaenda zake.

Dada yako

19 Aprili

Dada,
Shikamoo, na acha zabibu leo hii! Nimemwambia mkemia, akashika kichwa. Kilo nzima ya zabibu ina chembe tu ya sukari yetu, haijazi hata ncha ya kijiko. Iliyobaki ni ile ile inayokumaliza. Na hata hii yetu haiponyi, dada. Haiongezi ugonjwa tu, basi. Rudia vidonge, nenda hospitali, usipoteze muda kunijibu.

Mdogo wako

27 Mei

Mdogo wangu,
Marahaba. Hujambo huko? Barua yako nilisomewa wodini. Walikuwa wameshakata, juu ya goti. Cherehani kaichukua jirani, na hakunicheka. Sasa wanautazama mguu wa pili, wananong'onezana.

Paketi usitume, hamu ya tamu imeniisha. Barua ile haikuwa na mzaha hata mmoja, nikajua nimekwisha. Ukiandika tena, jigambe. Niambie wamekufanya meneja. Nitaamini.

Dada yako