Sahani ya Kwanza Bure

Ruiru, Jumanne. Baridi na manyunyu.

Mama mpendwa,

Nilifika salama kwa dada Nafula. Bado anauza githeri yake ya mahindi na maharagwe kando ya magorofa yanayojengwa, na watu wanaohamia hapa ndio wamemkuzia biashara: alianza na sufuria moja ndogo, sasa ana tatu kubwa.

Unajua desturi yake, mgeni kutoka kwetu halipi sahani ya kwanza. Juzi juzi alimlisha hivyo mama mmoja wa Bungoma. Sasa mama huyo ana jiko lake ng'ambo ya barabara, na nusu ya mafundi wanakula kwake.

Leo msichana mwenye begi alikuja akasalimu kwa lugha yetu. "Karibu, ya leo ni bure," Nafula akamwambia. Msichana akala, kisha akauliza maharagwe yanachemshwa vipi hadi yalainike hivyo.

Fundi mmoja akacheka. "Mama Githeri, huyu anakula ama anasoma?"

Nafula pia alicheka, lakini nilimwona akifunika sufuria.

Mama, naogopa. Magorofa yakiisha mafundi wataondoka, na wapishi wa hapa watabaki wakitazamana. Mwambie mdogo wangu Wekesa asiuze ng'ombe apate nauli ya kuja huku. Shamba litalimwa na nani?

Hata mimi nilipewa sahani ya kwanza bure. Nilikuja nikitumaini kupika na Nafula, lakini tangu nifike hajaniambia nishike mwiko.

Jifunike vizuri usiku, Mama, na utuombee sote wawili.

Nekesa wako