Geti Bila Uzio

Mzee Ramadhani,

Kwanza niahidi hutacheka. Najua utacheka.

Tangu tukuzike, mimi Candiru, mpiga taipu wako, ndiye karani wa gombolola hapa Koboko. Meza yako ni yangu sasa, na ule mguu wake mmoja bado unayumba. Mwaka jana tuliambiwa tupange mahitaji yetu wenyewe, tuyapeleke wilayani Arua. Mpango wa kwanza bila wewe! Nikakumbuka ulivyonifundisha: “Serikali iko na makasi, binti yangu. Weka kwanza kitu ya kukata.” Miaka yote uliweka jambo la fahari juu, wakubwa wakalifyeka, wakaridhika, na kile tulichokitaka kikapona chini.

Basi namba moja nikaandika geti la chuma la ofisi. Namba mbili, pampu ya maji ya kijiji cha Dranya, ile iliyokufa na kumfanya mkeo, Mama Zainabu, ateremke mtoni na jerikeni kila asubuhi.

Kumbe utaratibu umebadilika. Siku hizi wanaanzia juu, fedha zikiisha wanaishia hapo. Likaja lori na geti. Geti zuri, Mzee, la kijani, na ofisi haina uzio hata wa miti! Mafundi wakalisimamisha peke yake uwanjani. Mbuzi wanapita kando. Askari wetu analitia kufuli kila jioni, maana kazi ni kazi.

Koboko nzima ilicheka. Mama Zainabu hakucheka. Alitua jerikeni tupu mbele yangu, akauliza, “Sasa sisi nakunywa geti?” Niliona aibu. Nilikukasirikia pia, kusema kweli, kwa kufa kabla sijakuuliza.

Mwaka huu niliandika mstari mmoja tu: pampu ya Dranya. Wajumbe walinionya, makasi yakipita hapo tumekwisha. Nikagonga muhuri.

Jana maji yalitoka. Mama Zainabu alinipa kikombe cha kwanza. “Kunywa,” akasema. “Hii ya mzee.” Nikanywa, nikalia, nikacheka.

Pumzika, mwalimu wangu. Nakuahidi, tunachokihitaji ndicho nitakachoandika kwanza. Na geti lako nimeliacha palepale. Wote wanapita kando na mbuzi. Mimi kila asubuhi namwomba askari afungue kufuli, nipite katikati.

Wako,
Candiru