Bi Mdogo Hatumnunui Tena

Baba,

Shikamoo. Maisha yangu yote sijawahi kuanza kusema nawe bila neno hilo, na sitaliacha leo kwa sababu eti hutaitikia.

Mama ametoka eda wiki iliyopita. Mzima, alhamdulillah. Presha imetulia, amekonda kidogo usoni, na ukali umezidi, hasa kwa Kaka Haji. Paa la jikoni tumebadilisha. Yule paka wako amehamia kwa jirani bila kuaga. Nayatanguliza haya ya pembeni kwa sababu nililokujia ni zito kidogo, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu huuliza hali kwanza, jambo lake baadaye.

Jambo lenyewe ni hili. Tumenunua gari. Na si aina ya Bi Mdogo, Baba. Ni jingine kabisa.

Basi, nimeshaliandika. Kasirika kwanza, ukimaliza nikueleze.

Siku ulipomshusha Bi Mdogo pale gatini Kilindoni nilikuwepo. Pikapu ya kijani ya kabini mbili, mtumba lakini inang'aa, na wewe umevaa kanzu nyeupe na kofia mpya. Mama akaitazama pikapu, akakutazama wewe kwa hiyo kanzu yako, akasema kwa sauti watu wote wasikie, "Haya, Bi Mkubwa namkaribisha Bi Mdogo." Wapagazi walitua mizigo wapate kucheka vizuri. Tangu siku hiyo haikuitwa gari tena nyumbani kwetu. Alikuwa yeye: anakunywa, anakohoa, ananuna. Na alipoharibika hukuruhusu mtu aseme ameharibika. Ulikuwa ukisimama njiani, boneti juu, mvuke unatoka kama jiko la pilau, unasema, "Mwacheni, amepumzika."

Alipumzika sana, tuseme kweli. Rejeta ilivuja, giaboksi ikawa inaganda kwenye namba mbili, na ile taa nyekundu kwenye dashibodi hakuna fundi aliyewahi kutuambia inalalamikia nini. Spea tulizisubiri kutoka Dar mpaka tukasahau tunasubiri nini. Siku ya harusi ya Haji, bwana harusi mwenyewe aliingia kwa wakwe nyuma ya bodaboda, joho limejaa vumbi, kwa sababu Bi Mdogo alipumzika Kirongwe na maua yake yote kifuani. Lakini mtu akikuuliza, "Mzee, kwa hali hii, ungelinunua tena gari kama hili?" hukusita hata kidogo. "Hata leo. Hili hili, na rangi hii hii."

Watu walikuuliza, wakakuamini. Hapo ndipo kisa kilipoanzia. Mwalimu Bakari wa Ndagoni alikuuliza Bi Mdogo akiwa na wiki tatu tu, bado mko fungate, hakuna kilichovuja wala kuganda. Ulimsifu mpaka Mwalimu akapanda boti akaenda kuleta wake. Bi Saada wa Kanga, yule mwenye biashara ya nazi, alimsikia Mwalimu, akaja kukusikia wewe, akaleta wa tatu. Haukupita mwezi, giaboksi ya kwanza ikaganda.

Toka hapo Ijumaa zako zilikuwa si zetu. Ukitoka msikitini unachukua boksi la spana, Ijumaa hii Ndagoni, Ijumaa ijayo Kanga. Unarudi alasiri umechafuka oili mpaka masikioni na umeshiba wali wa watu. Mama alikuwa akisema ungekuwa na wake watatu angalau angejua wa kugombana naye. Mimi nilidhani unapenda magari tu. Nilikuwa hata nikijisifu shuleni, baba yangu anatengeneza magari ya watu bure.

Kumbe ulikuwa unawaomba radhi.

Nimejua wodini, siku tatu kabla hujatuondokea. Uliniashiria nisogee, nikajua ni wasia, nikaweka sikio karibu. Ukasema, "Zena, lile gari nisingelinunua tena." Nikacheka, nikidhani homa imepanda. Wewe hukucheka. "Mwalimu nimemtia mimi mle. Na Bi Saada. Usije ukawaambia." Halafu ukageukia ukutani ukalala usingizi mzuri kabisa, mzigo umeshautua, umenitwisha mimi. Nilikaa pale nikikutazama na nilikuwa nimekasirika, Baba, nakwambia kwa sababu sijawahi kukuficha. Miaka kumi na minne ya "hata leo" ilikuwa ya nini?

Asubuhi ya siku yenyewe nilikuwa nyumbani nakupikia uji wa mchele. Haji alikuwa hospitali na wewe, na tulikubaliana atakuja na Bi Mdogo kutuchukua mimi na Mama. Saa tatu akapiga simu. Akasema, "Zena, amepumzika."

Nikamwambia, "Tena? Kakwama wapi? Tazama maji ya rejeta."

Nami, mwanao mjinga, nikaendelea, nikamwambia amwage maji polepole asije akaungua, kama wewe ulivyotufundisha. Nilimweleza yote hayo ndugu yangu naye analia upande wa pili. Ni Mama aliyeninyang'anya simu mkononi. Alikuwa ameelewa kwa kutazama uso wangu tu, kabla mimi sijaelewa. Nimekuwa nikiona aibu kwa siku hiyo, ila Haji ameanza kuisimulia kwa watu sasa, na juzi nilijikuta nacheka naye. Naamini ungecheka wewe kuliko sisi.

Baada ya arobaini yako, fundi aliingia chini ya Bi Mdogo, akatoka, akaniita nami niingie nione. Akaweka kidole kwenye chasisi, kidole kikapita. Kutu imekula yote. Akasema gari lile halifai tena kubeba mtu. Na kazi yako ya kubeba wagonjwa umeniachia mimi: wagonjwa wa Kanga wananipigia mimi simu, Mama ana kliniki kila mwezi, wiki ile ile nilikuwa nimebeba mama mjamzito nikiomba dua njia nzima. Gari lilitakiwa. Haji akasema tununue aina nyingine, isiyo na maneno, na kwa mara ya kwanza katika umri wetu nilijua Haji anasema kweli.

Lakini sikuweza. Nikishusha gari jingine gatini, Mafia nzima itajua kabla sijafika nyumbani kwamba binti yako mwenyewe ametoa ushahidi dhidi yako. Mwalimu angejiuliza, Bi Saada angejiuliza. Na nikinunua lile lile kulinda jina lako, siku moja litapumzika na mgonjwa wa mtu ndani yake. Nilizunguka na jambo hili kwa wiki kadhaa, nikimjibu Haji ovyo, mpaka Mama akanitoa chumbani mwake akasema nimalize huko nje.

Mwishowe nikapanda bodaboda nikaenda Ndagoni. Nilikuwa nimejiandalia uongo mzuri: ningesema Haji ndiye aliyeamua, mimi simo. Nikamkuta Mwalimu Bakari kibarazani na redio yake. Gari lake liko pale pale uani, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Nikampa shikamoo, tukaulizana hali, tukakuombea. Kabla sijafungua mdomo akaniuliza yeye. "Zena mwanangu, nataka neno la kweli. Marehemu, kwa moyo wake, angelinunua tena lile gari?"

Naapa sikutamka hata neno moja, amana yako niliilinda. Ila nilikaa kimya muda mrefu kupita kiasi, na yule alikuwa mwalimu, amesoma nyuso za watoto maisha yake yote.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani. "Kumbe na yeye!" akasema. "Mimi gari lile sikulitaka tangu mwezi wa pili. Hata nikipewa bure. Lakini ningemwambiaje, na yeye kila Ijumaa yuko tumboni mwake na spana, anasema hata leo, hata leo? Nikawa nasema hata leo na mimi." Akampigia Bi Saada palepale, akaweka sauti kubwa nisikie. Kusikia hayo, Bi Saada akasema kwa ile sauti yake ya sokoni, "Mimi nilikuwa nawastahi nyinyi wanaume wawili. Nilidhani mnalipenda!"

Umesikia hayo, Baba? Mlikuwa watatu, hakuna aliyelitaka, na mkaapa miaka kumi na minne kwamba mngelinunua tena, kila mmoja akimstahi mwenzake. Na watu wengine wakiwauliza mnajibu hivyo hivyo. Sijui kwingine watu wanafanyaje, lakini sidhani kama kuna pahali pengine pa kulea ujinga mtamu namna hii. Nilicheka nao. Halafu Mwalimu akapangusa macho akaniuliza, "Sasa Ijumaa nitajiwa na nani?" Nikamshika mkono tu, tukakaa.

Dar tulikwenda na Haji. Kwenye yadi ya tatu nikamwona pacha wa Bi Mdogo, kijani ile ile, ameoshwa. Nikapanda nikakaa. Mkono ukaenda wenyewe kwenye gia, nikaisukuma kwa nguvu kama tulivyozoea pale kwenye namba mbili, na gia ikaingia laini kama siagi, nusura nianguke kwenye usukani. Nililia pale ndani, milango imefungwa. Muuzaji akadhani nimelipenda, akaanza kulisifia kwa maneno yako, neno kwa neno. Nikashuka. Nikamwambia Haji tuchukue lile alilotaka yeye.

Bi Mdogo tumemgawa kama mirathi. Stata imekwenda Ndagoni, rejeta imekwenda Kanga, viti viko barazani kwetu na Mama amevishonea foronya. Bodi bado liko uani. Sijapata moyo wa kumwita mtu wa vyuma.

Na jana nikampeleka Mama Kanga kwa dada yake, safari yake ya kwanza tangu atoke eda. Alikaa mbele, amenyooka, mkoba mapajani. Hakulisifu gari wala hakulitukana. Aliuliza tu kwa nini liko kimya hivi, kama limezimika. Nikamwambia ndiyo sauti yake.

Tulipokaribia kile kibonde cha mchanga kabla ya kijiji, nikamwona kwa pembeni anahangaika miguuni. Amevua ndala. Amekunja baibui, mkono mmoja uko kwenye kitasa cha mlango. Alikuwa anajiandaa kushuka kusukuma. Sidhani hata alijijua anafanya hivyo. Miaka yote hiyo pale ndipo aliposhuka, mguu mtupu, akasukuma, na wewe kwenye usukani unapaza sauti "Tena! Tena!" na sisi watoto tunacheka. Nimecheka pale mara ngapi, Baba. Jana ndiyo mara ya kwanza nimewaza ule mchanga ulikuwa wa moto kiasi gani.

Gari likaingia mchangani, likatoka ng'ambo. Halikusita. Mama akabaki na ndala mkononi, akazitazama.

"Nilimwambia," akasema.

Nikamuuliza, ulimwambia nini, nani.

"Baba yako. Alipopiga simu kutoka Dar kwamba ameliona gari, nilimwambia awaulize kwanza waliokwisha kuwa nalo."

Basi. Alikwambia siku ya kwanza kabisa, na hakukukumbusha hata siku moja, hata akiwa amelowa matope mpaka kiunoni. Kukustahi kote kule kwa Mwalimu na Bi Saada hakufikii nusu ya huku. Kisha akainama akalia, Baba. Msibani alikuwa akiwabembeleza wengine, eda yote alikuwa akitugombeza. Jana ndipo alipolia kilio chake. Nikasimamisha gari kando, nikazima injini, nikamngoja.

Nimekukasirikia kidogo kwa ajili yake, na nimekusamehe njiani kurudi. Nakupenda sana. Nakutafuta kila Ijumaa, sikio langu liko mlangoni. Mwenyezi Mungu akupe makao mema, akupanulie kaburi lako, akusamehe na ule ulimi wako wa "hata leo".

Sina kubwa la kukuahidi. Anayeniuliza habari za gari hili nitamjibu kweli, likiwa zuri nitasema zuri, likianza maneno nitasema. Na Mama hatashuka tena kusukuma gari, maadamu usukani ninao mimi. Akivua ndala, iwe amefika.

Wako,
Zena